MIZANI YA HADITHI

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Waislamu wa Rubondo, Nakivale

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na aali zake, na masahaba zake, na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. 

Wakuu wa chama wameniamuru niseme maneno ambayo yatatiwa katika kijitabu hiki cha ukumbusho, ili atakayekisoma baadaye naye apate fungu lake. Nimechagua jambo ambalo kila mmoja wetu analigusa kila siku, naye pengine hajui kwamba analigusa. Jambo lenyewe ni kupima Hadithi: vipi yajulikana kwamba neno hili amelisema Mtume (S.A.W.) na neno lile hakulisema.

Ndugu zangu, mtu aliyetoka kwao usiku hawezi kuchukua mengi. Wako kati yetu waliofika hapa na nguo moja na mtoto mgongoni. Lakini hapana aliyefika bila maneno. Mzee wa Kasongo amekuja na aliyosomeshwa Kasongo, wa Buyenzi amekuja na ya Buyenzi, wa Uvira na ya Uvira, na ndugu zetu Wasomali wa kule Base Camp wamekuja na ya walimu wao. Maneno hayo ndiyo urithi wetu, nao tunawapa watoto wetu. Basi yatupasa tujue katika urithi huo ni lipi lililotoka kwa Mtume kweli, na ni lipi lililoingia njiani.

ASILI YA KAZI HII

Wako wanaodhani kwamba kuulizia Hadithi ni utovu wa adabu, kana kwamba anayeuliza anamshuku Mtume. Sivyo hata kidogo. Mwenye kuuliza hamshuku Mtume (S.A.W.), bali anamtazama yule anayesema kwamba amemsikia. Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Sura ya Hujurat, aya ya 6, kwamba akitujia fasiki na habari tuipeleleze, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukabaki na majuto. Naye Mtume mwenyewe ametuonya kwamba mwenye kumzulia uwongo kwa makusudi ajiwekee makao yake Motoni. Onyo hilo limepokewa na masahaba wengi sana, hata wanavyuoni wakalihesabu katika Hadithi zilizo mutawatiri, yaani zilizopokewa na watu wengi mno hata haiwezekani wawe wamepatana kusema uwongo.

Masahaba walilichukua onyo hilo kwa uzito. Jabir bin Abdallah (R.A.) alisikia kwamba Abdallah bin Unays, aliyekuwa nchi ya Sham, anayo Hadithi moja aliyoisikia kwa Mtume. Jabir akanunua ngamia, akafunga safari ya mwezi mzima, akafika mlangoni kwake, akaisikia kwa kinywa chake mwenyewe. Mwezi mmoja wa safari kwa ajili ya Hadithi moja! Na sisi leo hatupitii hata nyumba ya jirani kuuliza, ilhali kidole kimekwisha ituma habari kwa watu mia.

Muhammad bin Sirin, aliyefariki mwaka 110 wa Hijra, ameeleza kwamba hapo mwanzo watu hawakuwa wakiulizia isnadi. Fitina ilipotokea kati ya Waislamu, ndipo wakaanza kusema: tutajieni watu wenu. Naye ndiye aliyewakumbusha wenzake kwamba elimu hii ni dini, basi mtu atazame dini yake anaichukua kwa nani. Na Abdallah bin al-Mubarak, aliyefariki mwaka 181 wa Hijra, akasema kwamba lau si isnadi, mtu yeyote angesema alipendalo.

Isnadi maana yake ni mfuatano wa wapokezi: mimi nimesikia kwa fulani, naye kasikia kwa fulani, naye kwa sahaba, naye kwa Mtume (S.A.W.). Na maneno yenyewe yaliyopokewa huitwa matini. Kila Hadithi ina sehemu mbili hizi, na zote mbili hupimwa.

VIPI HUPIMWA

Wengi wenu mnaifahamu kazi hii kuliko mnavyodhani. Mmeketi mbele ya mwulizaji, akaandika kila neno. Ulitoka lini? Ulipita njia gani? Ulikuwa na nani? Huyo unayesema mlionana Uvira, mwaka huo alikuwa Uvira? Kisha akaitwa mke peke yake, na mtoto mkubwa peke yake, na maneno yao yakawekwa pamoja ili yaonekane yanapopatana na yanapopingana. Kazi ya namna hii wanavyuoni wa Hadithi waliifanya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Hawakuifanya kwa kumchukia mtu, bali kwa kuilinda dini.

Nao wamesema Hadithi haiwi sahihi mpaka itimize sharti tano.

Sharti ya kwanza ni kuungana kwa isnadi. Kila mpokezi awe ameipokea kwa yule anayemtaja, pasiwe na pengo. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra (870), alitaka ithibiti kwamba wapokezi wawili wamekutana. Imam Muslim, aliyefariki mwaka 261 (875), alitosheka kwamba wameishi zama moja na kukutana kwao kunawezekana, ikiwa mpokezi si mtu wa kuficha aliyemsikia. Kwa sababu hiyo wanavyuoni waliandika miaka ya watu: kazaliwa lini, kafa lini, kasafiri wapi.

Tazameni faida ya kujua miaka. Katika zama za al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 (1071), ililetwa hati kwa waziri wa Baghdad, ikidaiwa kwamba Mtume aliwaandikia watu wa Khaybar kuwaondolea kodi ya jizya, na chini yake majina ya mashahidi. Al-Khatib akaitazama, akasema ni ya uwongo. Akaulizwa amejuaje. Akajibu kwamba ndani yake umo ushahidi wa Muawiya, naye alisilimu mwaka wa 8, ilipofunguliwa Makka, na Khaybar ilitekwa mwaka wa 7. Tena umo ushahidi wa Saad bin Muadh, naye alikufa mwaka wa 5, kabla ya Khaybar kwa miaka miwili. Hati ikaanguka, hapakuhitajiwa ugomvi wala kelele.

Sharti ya pili ni uadilifu wa mpokezi: awe Muislamu mwenye akili, mcha Mungu, asiyejulikana kwa uwongo. Na hapa nawataja mama zetu. Al-Dhahabi, aliyefariki mwaka 748 (1348), aliandika kitabu kikubwa cha wapokezi waliosemwa kwa udhaifu. Naye ameeleza humo kwamba katika wanawake hamjui hata mmoja aliyetuhumiwa kwa uwongo. Yule al-Khatib niliyemtaja alikisoma kitabu cha Bukhari kwa mwanamke, Bibi Karima wa Marw, aliyekuwa akisomesha Makka. Basi asiseme mtu kwamba elimu hii si ya binti zetu.

Sharti ya tatu ni uhifadhi. Mtu aweza kuwa mwema kabisa, lakini akasahau. Abdallah bin Lahia alikuwa kadhi wa Misri, mtu mwenye elimu nyingi. Imepokewa kwamba vitabu vyake viliungua moto, na baada ya hapo akawa anategemea kumbukumbu, akachanganya. Wanavyuoni hawakumwita mwongo. Walitenganisha: waliosikia kwake zamani, kama Ibn al-Mubarak na Ibn Wahb, mapokezi yao yana nguvu zaidi, na waliosikia kwake baadaye, mapokezi yao hutazamwa kwa hadhari. Nyinyi mnajua maana ya karatasi kuungua. Mtu aliyeunguliwa na karatasi zake si mwongo, lakini maneno yake yahitaji kuungwa mkono na mwingine.

Sharti ya nne ni kwamba mpokezi asiwapinge walio na nguvu kuliko yeye. Watu watano waaminifu wakisema hivi, na mmoja akasema vingine, la wale watano hushikwa.

Sharti ya tano ni kusalimika na ila iliyojificha. Hii ndiyo ngumu, nayo haionekani illa kwa kukusanya njia zote za Hadithi na kuzilinganisha. Yahya bin Main, aliyefariki mwaka 233 (848), alikuwa akisema kwamba lau hatukuiandika Hadithi kwa njia thelathini tusingeifahamu. Mtu akisikia kwamba Bukhari alichagua kitabu chake katika mapokezi laki sita, asidhani kwamba Mtume alisema maneno laki sita. Hesabu hiyo ni ya njia. Neno moja likipokewa kwa njia hamsini huhesabiwa hamsini.

Imepokewa kwamba Bukhari alipofika Baghdad, wanavyuoni wa huko walitaka kumjaribu. Wakachukua Hadithi mia moja, wakazichanganya, isnadi ya hii wakaipa matini ya ile, wakawapa watu kumi, kila mtu kumi. Kila mmoja akasoma zake mbele ya halaiki, na kila mara Bukhari akajibu kwamba haijui. Wasiojua wakadhani ameshindwa. Walipokwisha, akamgeukia wa kwanza, akamrudishia zake kumi moja baada ya moja, kila matini kwa isnadi yake, kisha wa pili, hata wakatimia wote kumi. Ndugu zangu, tazameni kwamba mwanachuoni mkubwa kiasi hicho hakuona aibu kusema mara mia kwamba haijui.

Wala matini haikuachwa. Bibi Aisha (R.A.) alisikia sahaba akipokea kwamba maiti huadhibiwa kwa kuliliwa na watu wake. Akakumbusha kwamba Kurani inasema hapana mtu abebaye dhambi ya mwingine, akaeleza kwamba msikiaji hakulishika neno sawasawa. Wanavyuoni wamezungumza mengi juu ya Hadithi hiyo, lakini njia yake ndiyo funzo: alilipima neno kwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu, na hakumtukana aliyelipokea.

DARAJA ZA HADITHI

Baada ya kupima, Hadithi huwekwa katika daraja. Iliyotimiza sharti zote ni sahihi. Ambayo uhifadhi wa mpokezi wake umepungua kidogo ni hasani, nayo pia ni hoja. Iliyokosa sharti katika hizo ni dhaifu, na dhaifu zenyewe hazilingani. Kisha iko iliyozuliwa, ambayo kwa hakika si Hadithi, ila imevishwa jina la Hadithi.

Msichanganye dhaifu na ya kuzuliwa. Dhaifu ni habari ambayo hatuna hakika nayo. Ya kuzuliwa ni uwongo. Wengi katika wanavyuoni wameruhusu dhaifu itajwe katika kuhimiza mambo mema, na Ibn Hajar, aliyefariki mwaka 852 (1449), ameweka masharti: udhaifu wake usiwe mkubwa, iwe chini ya asili inayojulikana, wala mwenye kuitenda asiitakidi kwamba imethibiti. Ama ya kuzuliwa, haifai kuisimulia illa kwa kueleza uwongo wake.

Mtaniuliza: nani mwenye kuthubutu kumzulia Mtume? Wako waliozua kwa tamaa. Khalifa al-Mahdi alipenda njiwa. Akaingia kwake Ghiyath bin Ibrahim, akasoma Hadithi inayotaja kwamba hapana zawadi ya mashindano illa katika mshale, ngamia na farasi, naye akaongeza ndege wenye mbawa, apate kumfurahisha mkubwa. Khalifa akampa fedha, na alipoondoka akasema kwamba kisogo kile ni kisogo cha mwongo, kisha akaamuru njiwa wachinjwe.

Na wako waliozua kwa nia njema, nao ndio hatari zaidi kwa kuwa watu huwaamini. Imepokewa kwamba Nuh bin Abi Maryam aliulizwa amezipata wapi Hadithi za fadhila za kila sura ya Kurani. Akakiri kwamba aliwaona watu wameshughulika na mambo mengine wakaiacha Kurani, akazizua ili awarudishe. Kurani haihitaji uwongo wa mtu ili ipendwe.

HADITHI TATU ZINAZOTUHUSU

Sasa nachukua Hadithi tatu zinazosemwa hapa kwetu, tuone mizani inavyofanya kazi.

Katika matanga ya mzee mmoja aliyefia hapa alisimama msemaji, akasema kwamba Mtume amesema kupenda nchi ni katika imani, basi aliyeikimbia nchi yake imani yake ni pungufu. Kesho yake mjane alikuja kuniuliza kwa machozi: Sheikh, mume wangu amekufa na imani pungufu?

Tazameni neno moja lisilopimwa lilivyofanya. Mwanamke amekwisha poteza nyumba, shamba na mume, kisha akaambiwa kwamba hata imani ya marehemu ina kasoro, na kwamba aliyelisema hilo ni Mtume (S.A.W.), ambaye mwenyewe alitolewa Makka!

Basi tuulize: isnadi yake iko wapi? Al-Saghani, aliyefariki mwaka 650 (1252), ameihesabu katika za kuzuliwa. Al-Sakhawi, aliyefariki mwaka 902 (1497), ambaye aliyapeleleza maneno mengi yaliyo midomoni mwa watu, amesema hakuipata, ingawa aliona maana yake ni sawa, na wengine wakamjibu hata katika maana hiyo. Haimo katika Bukhari, wala Muslim, wala katika vitabu vinne vya Sunan. Neno lisilo na njia kwa Mtume haliwezi kutolewa hukumu juu ya imani ya mtu.

Je, maana yake ni kwamba Muislamu asipende kwao? La. Tirmidhi, aliyefariki mwaka 279 (892), amepokea kwa isnadi, na akaisahihisha, kwamba Mtume (S.A.W.) aliigeukia Makka akaapa kwamba ndiyo ardhi bora ya Mwenyezi Mungu na aipendayo zaidi, na lau hakutolewa asingetoka. Na Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Abu Bakr na Bilal walipougua homa Madina, na Bilal akawa anaitamani Makka na maji yake na majani yake, Mtume aliomba Mwenyezi Mungu awapendezeshe Madina kama wanavyoipenda Makka au zaidi. Hakumkemea Bilal kwa kulia kwao. Alimwombea aipende na nchi iliyompokea. Hapo yamo yote tunayohitaji: ruhusa ya kukumbuka Kivu, Bujumbura na Kigali, na dua ya kupatana na ardhi hii ya Isingiro, ambayo imekuwa ikipokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950.

Hadithi ya pili. Baada ya mjane yule kujibiwa, mtu mmoja mwema alisema: basi tumpoze kwa ile Hadithi kwamba kufa ugenini ni kufa shahidi. Hapa, ndugu zangu, ndipo uaminifu wetu unapojaribiwa. Neno la kwanza lilituumiza, na kulipima kulikuwa kwepesi. Hili la pili latupendeza. Je, tuliache lipite bila kuulizwa?

Mizani ni moja. Hadithi hiyo imo katika Ibn Majah, aliyefariki mwaka 273 (887), lakini katika wapokezi wake yumo al-Hudhayl bin al-Hakam, naye ni dhaifu. Basi hatuwezi kumthibitishia mjane kwamba mumewe ni shahidi kwa tegemeo hilo. Mwenye kukataa la kuzuliwa kwa kuwa linamuuma, akakubali lililo dhaifu kwa kuwa linampoza, hakupima Hadithi, bali amefuata moyo wake.

Hadithi ya tatu imepokewa na Nasai, aliyefariki mwaka 303 (915), na Ibn Majah, kutoka kwa Abdallah bin Amr. Alikufa mtu mmoja Madina, naye kazaliwa humo humo. Mtume akamsalia, kisha akatamani kwamba lau angekufa mahali pengine pasipokuwa alipozaliwa. Akaulizwa kwa nini. Akaeleza kwamba mtu akifa mbali na alipozaliwa, hupimiwa Peponi kadiri ya kutoka alipozaliwa mpaka alipokomea nyayo zake. Katika isnadi yake yumo Huyayy bin Abdallah. Yahya bin Main amesema hana ubaya, na Bukhari amesema kwamba ana la kutazamwa. Kwa hiyo haikufikia daraja ya juu, lakini Ibn Hibban aliitia katika Sahihi yake, na wako walioipa daraja ya hasani.

Basi mjane huyo anaweza kuambiwa kwa ukweli: imani ya mume wako haikupungua kwa kukimbia, ushahidi wake tunamwachia Mola wake, na tunatumaini kwamba masafa yote yale aliyoyakata kwa miguu hayakupotea. Maneno hayo hayakupambwa, lakini anaweza kuyaegemea.

WARAKA WA SHEIKH AHMAD

Liko jambo jingine linalotuzunguka. Kila baada ya muda hutufikia waraka, zamani kwa karatasi na siku hizi kwa simu, unaodai kwamba Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume Madina, amemwota Mtume, akamwagiza awaonye watu kwamba Kiyama kimekaribia. Mwisho wake huahidi utajiri kwa mwenye kuueneza, na msiba kwa mwenye kuupuuza.

Tuupime kwa miaka, kama al-Khatib alivyopima ile hati. Mwaka 1884 mwanachuoni wa Kiholanzi, Snouck Hurgronje, aliandika juu ya waraka wa namna hii ulioenea katika visiwa vya Indonesia, ukitajwa kuwa wa mwaka 1880. Mwaka 1908 waraka kama huo ulitokea Lindi, ukaenea pwani ya Tanganyika na kuingia bara. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika mwaka mmoja tu nyuma, Wajerumani wakadhani Waislamu wanajitayarisha kuasi, watu wakakamatwa. Na leo waraka ungaliko katika simu zetu. Sheikh Ahmad huyu ni mlinzi wa aina gani, anayeota ndoto ile ile kwa zaidi ya miaka 140, na Kiyama chake kila mara ni karibu?

Rashid Rida wa Misri aliukanusha, na Sheikh Abdul Aziz bin Baz wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 1999, akaandika risala mahsusi kuubatilisha. Tena hata kama ndoto ingekuwa ya kweli, dini imekamilika kabla Mtume hajafa, na hapana hukumu mpya inayotoka katika usingizi wa mtu. Kumbukeni waliofungwa Lindi. Karatasi isiyokuwa na mwenyewe iliwatia mashakani watu wenye nyumba na watoto. Nasi tulio wageni katika nchi ya watu tuna sababu zaidi ya kujihadhari.

ONYO KWA UPANDE WA PILI

Nisije nikafahamika vibaya. Wako vijana wetu ambao, wakisoma kurasa chache, husimama msikitini wakamwambia mzee kwamba yote aliyosomeshwa ni uwongo. Huo nao ni ujinga. Kusema kwamba Mtume hakusema, na hali amesema, ni kosa kama kusema kwamba amesema na hali hakusema. Imam mmoja aweza kuisahihisha Hadithi na mwingine akaidhoofisha, kila mmoja kwa hoja. Hitilafu kama hizo si sababu ya kugawa msikiti.

Wazee wetu walisomesha kwa mwanga wa kibatari, na kwa juhudi yao sisi tunaijua Fatiha. Ikiwa mzee amesema neno lisilothibiti, mwendee nyumbani kwake, keti chini, muulize kwa adabu alilipata wapi. Nanyi wazee, mkiulizwa msikasirike. Bukhari alisema mara mia kwamba haijui.

WASIA

Namalizia kwa mambo manne ninayoyaweka mbele ya chama chetu.

La kwanza, anayesimama kuwaidhi aseme Hadithi ameitoa kitabu gani, na kama ni dhaifu aseme ni dhaifu. Asiyejua aseme imepokewa, asikate kwamba Mtume amesema.

La pili, katika madrasa zetu watoto wafundishwe Hadithi chache zilizo sahihi pamoja na jina la sahaba na la kitabu. Arubaini za Imam Nawawi zatosha kuanzia, na mwalimu awaeleze daraja ya kila moja.

La tatu, mtu akiletewa Hadithi kwa simu asiipeleke kwa mwingine mpaka ameuliza. Vitisho vilivyo mwishoni mwa waraka visimtishe, kwani madhara na manufaa yako mkononi mwa Mwenyezi Mungu.

La nne, tunaponunua vitabu Mbarara au tunapoletewa na wageni, tuvionyeshe kwanza kwa wenye elimu kabla ya kuvigawa.

Ewe Mola wetu, turuzuku ulimi wa kweli na sikio lenye hadhari. Warehemu wafu wetu waliozikwa hapa, na waliozikwa njiani, na wale ambao hatukupata kuwazika. Wape subira wajane na mayatima wetu. Ipe amani nchi hii ya Uganda iliyotupokea, na nchi zetu tulizotoka. Tukutanishe na Mtume wako hali ya kuwa hatukumzulia neno.

Wa sallallahu ala Sayyidina Muhammad wa ala aalihi wa sahbihi wa sallam. Walhamdulillahi Rabbil Aalamin.